Mwaka Tulioshusha Gari

Mbuke alinikabidhi boksi siku ya tatu baada ya kumzika mama yake, pale Kagongwa, wanawake wakisugua masufuria ya msiba na wanaume wakikunja maturubai. Lilikuwa boksi la sabuni lililofungwa kwa kamba ya katani, na juu yake mtu alikuwa ameandika jina langu kwa herufi kubwa zilizopinda kama za mtoto wa darasa la kwanza: MINZA. Mbuke alikunja goti kidogo, akasema, "Shikamoo mama mdogo. Mama aliniambia hili ni lako, nisimpe mtu mwingine hata akililia vipi." Nikaitikia marahaba, nikalipokea, na kwa uzito wake tu nikajua kilichomo. Nilikuwa nimelia tangu siku ya kwanza, kwa zamu, kama watu wanavyolia msibani. Mgeni mpya akifika tunaanza upya. Safari hii sikulia. Nikakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, boksi mapajani, nikaziangalia zile herufi. Nilijua kwa nini zimepinda, na nilijua mchango wangu katika kupinda kwake.

Sitaeleza nilizaliwa wapi wala nani alinilea. Hayo hayana msaada hapa. Nataka kusimulia mwaka mmoja tu, niliokaa Rwamgasa nikiwa na miaka ishirini na mitatu, fundi wa redio na simu, mwanamke pekee mwenye kibanda cha ufundi katika mtaa mzima, na mwenye kiburi cha kuwatosha watu watatu. Nilipanga chumba kimoja na Kabula, mama yake Mbuke, aliyenizidi miaka minne. Mbuke mwenyewe alikuwa bado mdogo, analelewa na bibi yake Kagongwa. Chumba chetu kilikuwa na dirisha moja la mbao, vitanda viwili vilivyotenganishwa na khanga, meza moja na jiko moja la mkaa. Meza tuliigawana kama watu wanaogawana shamba: upande wa dirisha wangu, wenye bisibisi, tupa na nyaya, upande wa mlango wake, wenye chupa ndogo ya zebaki, kitambaa na mfuniko wa bati. Kabula alikuwa akinunua marudio, ule mchanga ambao wenzake wameshauosha na kuuchoka, akauosha tena mwaloni, kwenye madimbwi ya kuoshea mchanga, akauchanganya na zebaki mpaka zebaki ikakamata vumbi la dhahabu lililosalia. Akirudi nyumbani anakamua kwenye kitambaa, kinabaki kidonge cheupe kama punje ya mahindi, anakiweka juu ya mfuniko na mfuniko juu ya mkaa. Alikuwa akichomea ndani, mlango umefungwa. Dhahabu haichomwi mbele za watu, alisema. Ukiichomea uani, kabla haijapoa mtaa mzima unajua umepata nini, na wajomba usiowajua wanaanza kukutembelea. Kidonge kiligeuka taratibu kutoka weupe hadi umanjano, naye amekiinamia kabisa, ameshika magoti, anatabasamu. Hakukuwa na harufu yoyote. Tukimaliza tunapikia ugali wetu jiko lilelile, na msimu wa mvua hata dirisha tulikuwa tunalifunga.

Gari lilikuja kibandani kwangu mkononi mwa bwana mmoja aliyekuwa msimamizi kwenye mgodi mkubwa. Lilikuwa gari la rimoti, la kuchezea, lakini si la mchezo: urefu wake kuanzia kiwiko changu hadi ncha za vidole, chesisi ya alumini, na shokapu nne za kweli, nyembamba kama kidole, zenye springi nje na mafuta ndani. Alisema ni la mwanawe na limekataa kuwaka. Nilimtengenezea wiki ileile, lakini alihamishwa kituo na hakurudi. Nikalitundika ukutani miezi mitano kumngoja, kisha nikalichukua nyumbani, maana sheria ya kibanda ni hiyo, kitu kikisahauliwa kinakuwa cha fundi. Kabula alipoliona hata hakunawa mikono. Yeye ndoto yake ilikuwa kuendesha yale malori makubwa ya mgodini, yenye matairi yanayoushinda mlango kwa urefu. Alikuwa amesikia kuna wanawake wanayaendesha, na tangu asikie hakutulia. "Minza," alikuwa akiniambia, akininyooshea viganja, "mikono hii haikuumbwa kuosha mchanga. Hii imeumbwa kushika usukani." Na kweli. Mara ya kwanza kushika rimoti alilipitisha gari katikati ya miguu ya vitanda, chini ya meza, akalizungusha jiko, hakugusa kitu. Mimi niliyelifufua nililigonga mlangoni mara tatu, akacheka mpaka akashika ubavu.

Mambo ya drifti tuliyaona kwenye simu ya mteja. Ilikuwa imeletwa kubadilishwa spika, na kwenye kadi yake kulikuwa na video ya vijigari kama chetu vikipita kwenye sakafu inayong'aa, vimekwenda upande, pua huku na mkia kule, kimoja nyuma ya kingine, taratibu, kama watu wanaocheza ngoma kwa mstari. Kabula aliitazama mpaka chaji ikaisha. Kisha akaliangalia letu pale chini. "La kwetu limesimama kama mbuzi anayetaka kuruka ua," akasema. "Hawa wenzetu wamelala. Lishushe." Nikalishusha. Kipimo chetu kilikuwa kiberiti. Mwanzoni ukikisimamisha kiberiti kwa ubavu kilipita chini ya chesisi. Tukataka kipite kikiwa kimelazwa, baadaye tukataka hata hicho kisipite, ipite kalamu ya biro peke yake. Nilifungua shokapu moja moja, nikakata mzunguko mmoja wa kila springi, na ndani, kwenye kile kijiti kinachopanda na kushuka, nikavisha vipande vya mrija wa dripu ili kisitoke chote. Mafuta yaliyokuwemo yalikuwa mepesi. Nikachanganya ya cherehani na ya giaboksi, nikapata mazito ya kutosha ili gari likilala lilale kwa adabu. Mikono ya alumini inayoshika shokapu niliipiga tupa mpaka ikang'aa kama kioo, ili ikae chini zaidi. Matairi tuliyavalisha pete za bomba la plastiki la maji, kwa sababu mpira unang'ang'ania na drifti inataka kuteleza. Na mbele tuligundisha risasi mbili za kuzamishia nyavu ambazo Kabula aliziomba kwa wauza dagaa wa Nkome. Walimuuliza za nini, akawaambia za dawa, wakampa haraka.

Sakafu nzuri mtaani kwetu ilikuwa moja tu, ya Mama Neema, mama ntilie, ambaye alikuwa na banda la saruji iliyosuguliwa na kupakwa rangi nyekundu. Baada ya watu wa mchana kuondoka tulipandisha viti juu ya meza, yeye akamwaga maji kidogo, Kabula akaanza. Mama Neema alikaa mlangoni akichambua dagaa, akitoa hukumu. "Leo limepita kama mlevi," angesema. "Jana lilipita kama bibi harusi." Tulikula pale pale, ugali na dagaa wa karanga, wakati mwingine michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, aliyoleta Kabula kutoka kwao, iliyochemshwa ikalainika. Nikiulizwa leo lini nilikuwa na furaha kamili nitataja meza ile, na harufu ya dagaa, na Kabula ameweka rimoti karibu na sahani yake kama mtu wa tatu.

Sasa, Kabula alipokwenda Kagongwa kumsalimia mwanawe alilibeba gari. Huko akakutana na Nkwabi, mwenye duka la simu, ambaye naye alikuwa na gari la rimoti, jipya, alilonunua Dar es Salaam. Nkwabi akasema drifti haiwezi kuwa kazi ya mwanamke muosha marudio. Kabula alimuuliza tu sakafu iko wapi. Wakakubaliana kukutana kwenye godauni la zamani la pamba, pamba ya mwaka huo ikishaondolewa, na washindane kama ngoma za Kisukuma zinavyoshindana tangu enzi: pande mbili zinacheza kwa wakati mmoja, hakuna refa wala alama, mshindi ni yule ambaye watu wamehamia kwake. Alirudi Rwamgasa amewaka. "Miezi miwili, Minza," alisema kabla ya kutua begi. "Miezi miwili tumfundishe adabu."

Ndipo gari likaanza kutetemeka. Si injini, ni usukani. Kabula akiliweka upande, magurudumu ya mbele yalicheza-cheza, huku, kule, huku, na gari badala ya kuteleza kwa mstari likawa linakwenda kwa meno ya msumeno. Nilibadilisha betri. Nikabadilisha mota ndogo ya usukani. Nikalishusha zaidi, nikalipandisha, nikaongeza mafuta mazito, nikasafisha waya wa antena kwa msasa. Nikiwa katika kuhangaika huko, asubuhi moja nikakuta kitu cha ajabu: pale nilipopiga tupa, kwenye mikono ya alumini, palikuwa pameota nywele. Nywele nyeupe, laini, ndefu kama kucha, zinazokatika ukizipuliza, na chini yake alumini imekuwa unga. Gari lilikuwa limelala upande wa Kabula wa meza. Mama Neema alipoonyeshwa alirudi nyuma hatua mbili. "Hiyo imetumwa," akasema. "Huyo Nkwabi ana watu wake. Hata kwenye ngoma, upande mmoja ukizidiwa unarushia mwenzake dawa." Kabula naye akaamini nusu. Alianza kulifunika gari kwa khanga akitembea nalo, na siku moja nikamwona amelifunga uzi mweusi chini ya chesisi. Mimi niliwacheka wote wawili. Mimi ni fundi, nilijisemea, mimi nashughulika na vitu vyenye sababu. Nikachonga mikono mingine kwa bati la chuma, na gari likaendelea kutetemeka.

Siku moja mchana Kabula alitoka kwa Mama Neema kwenda kuchota maji, akaacha rimoti mezani. Nikaishika. Mimi, niliyekuwa nagonga milango, nikalipeleka gari mpaka ukutani na kulirudisha, na usukani ulikuwa umetulia kama maji ya mtungi. Nikarudia. Umetulia. Nikaiweka rimoti pale pale alipoiacha, nikasema moyoni, amechoka tu, anaosha mchanga kutwa nzima.

Siku chache baadaye watu wawili wageni, mwanamume na mwanamke, walikula kwenye banda lile, meza ya nyuma yangu. Walikuwa watu wa afya, na begi la vipeperushi. Sikuwatazama, niliwasikiliza. "Yule mama wa jana vidole vyake umeviona?" aliuliza mwanamume. "Nimeviona. Nimempa karatasi achore duara, kachora msumeno." "Na anachomea ndani?" "Nani hachomei ndani? Moshi wenyewe huuoni, hunusi. Nyumba ile nimekuta zebaki mpaka kwenye sufuria la alumini, imelitafuna, limeota ukungu mweupe, wanasema wamerogwa." Mwanamume akamega ugali. "Akiacha sasa?" "Akiacha mapema, mikono inaweza kurudi. Akichelewa ndiyo basi." Wakaomba maji ya kunawa, wakaenda zao. Chakula changu kilikuwa hakijaguswa. Mama Neema aliniuliza kama dagaa wana mchanga.

Hapa ndipo nafika kila mara, na kila mara natamani kuruka. Nilijua. Sikuhitaji mtu mwingine wa kunieleza. Nywele za alumini, rimoti mezani, duara la msumeno, vyote vilikaa pamoja kichwani mwangu kabla sijainuka kwenye kiti. Zilikuwa zimebaki wiki saba pamba iondolewe. Nikafikiri nikimwambia leo, atakwenda hospitali, atakatazwa, ataogopa, ataziangalia zile nywele na kulia, na godauni litafunguliwa tukiwa hatupo, na Nkwabi atajigamba kwamba alisema. Nikafikiri kuhusu gari langu. Nasema langu, kwa sababu saa ile sikuwaza mikono ya Kabula, niliwaza shokapu nilizozikata kwa mkono wangu, na watu wote wale ambao wangeona kazi ya fundi Minza. Nikajiambia wiki saba si kitu. Kwenye kibanda changu nikafungua rimoti. Ule usukani wake ndani ni kama voliyumu ya redio, na redio ikikwaruza kwenye voliyumu kila fundi anajua la kufanya: unaweka kapasita, inameza mikwaruzo, sauti inatoka laini. Niliunganisha kapasita moja, ndogo kama punje ya dengu. Nikapaka na grisi nzito kwenye mhimili. Nilimaliza kabla chai haijapoa.

Kabula alipojaribu jioni yake, gari lilipita sakafuni upande upande, refu, zito, limetulia, kutoka mlangoni mpaka jikoni, kama mtu anayefuta meza kwa kitambaa. Mama Neema aliacha dagaa. Kabula aliweka rimoti chini, akanishika mashavu kwa viganja vyote viwili, na niliisikia mikono yake ikitetemeka kwenye uso wangu, yeye hakuisikia. "Wabeja, mdogo wangu," akasema. "Umeliponya." Usiku ule alichoma dhahabu akiimba. Aliendelea kuchoma kwa wiki saba, na mimi nikalala kitanda cha dirishani, na nikaanza kuliacha dirisha wazi hata mvua ikinyesha. Hilo ndilo nililolifanya. Nilifungua dirisha.

Godauni lilikuwa kubwa kuliko kanisa. Sakafu yake ilikuwa imelainishwa na miaka mingi ya marobota kuburutwa, nyororo kiasi kwamba watoto walikuwa wanateleza kwa makalio, na kwenye pembe nyuzi za pamba bado zilikuwepo, zikipeperuka watu wakipita. Watu walikuja wengi, maana kazi ya shamba ilikuwa imekwisha na hakuna aliyewahi kuona ugomvi wa namna ile. Nkwabi alisimama kulia na lake jekundu, Kabula kushoto na letu. Wakaanza pamoja. La Nkwabi lilikuwa na kasi, lilizunguka likipiga kelele, watoto wakashangilia. Letu lilikuwa chini mno, lilikuwa kama limelamba sakafu, likapita polepole limelala upande, likageuka bila kusimama, likarudi limelalia upande wa pili. Kabula alikuwa amesimama wima, kichwa kimeinama kidogo, kama wanavyoinama wacheza ngoma wa majembe kabla hawajarusha jembe. Mzee mmoja akavuka. Halafu mama na mtoto mgongoni. Halafu nikasikia nyayo nyingi kwa pamoja, kishindo kizito juu ya saruji, na nikageuka nikaona upande wa Nkwabi umebaki na ndugu zake. Mbuke alikuwa begani kwa mjomba wake, anapiga makofi bila kujua kwa nini. Vigelegele vilipigwa mpaka njiwa wakatoka darini.

Nkwabi alikuwa muungwana, sikutegemea. Alivuka mwenyewe, akampa Kabula mkono, kisha akampa na rimoti yake. "Mama Mbuke, mwadila," akamsalimia kwa Kisukuma. "Hebu endesha la kwangu, nijue kama ni gari au ni wewe." Watu wakacheka, wakataka. Nilipiga hatua moja mbele, nikasimama. Kabula akalichukua lile jekundu, akalipeleka, akaliweka upande. Na gari likaanza. Huku, kule, huku, kule, magurudumu yanacheza kama meno ya mtu mwenye baridi. "Nkwabi, gari lako lina homa!" mtu akapiga kelele, na godauni zima likaangua kicheko. Kabula hakucheka. Alilisimamisha, akavuta pumzi, akalipeleka tena. Likatetemeka tena. Alimrudishia Nkwabi rimoti yake kwa mikono miwili, kwa heshima, akamshukuru. Kisha akaviangalia viganja vyake, ndani na nje. Kisha akaniangalia mimi.

Tulirudi kesho yake juu ya lori la mashudu ya pamba, tumekaa juu ya magunia, boksi la gari katikati yetu. Jua lilikuwa kali na harufu ya mashudu inakaba koo. Tulikuwa tumeshapita Kahama ndipo aliposema, bila kunigeukia, "Ulijua lini?"

"Kujua nini?"

"Minza."

"Sikujua, dada," nikasema. "Wallahi sikujua." Mimi ambaye si Mwislamu, niliapa kwa kiapo cha jirani ili nisitumie cha kwangu.

Lori likaruka kwenye shimo, akalishika boksi lisianguke. "Sawa," akasema. Mpaka leo sijawahi kusikia neno dogo lenye uzito ule. Tulipofika nilimpa habari za wale watu wa afya kana kwamba nimezisikia siku hiyo, nikampeleka hospitali mwenyewe, nikakaa naye kwenye benchi, nikamshikia kadi. Aliacha kuchoma siku ileile. Daktari alimpa karatasi achore duara. Niliangalia ukutani. Mwezi uliofuata alifunga vitu vyake akarudi Kagongwa kwa mama yake na Mbuke, na gari akaondoka nalo, nilimpa mimi, akakubali bila kubisha. Mikono haikurudi. Chai alimiminiwa nusu kikombe. Malori ya mgodini aliyaona yakipita yakiwa yamebebwa vipande vipande juu ya trela, akielekea sokoni na ungo wa michembe. Mimi nilihamia Shinyanga mjini, nikafungua duka, nikaolewa, nikanenepa. Kila msimu, bila kukosa mwaka hata mmoja, alinitumia mfuko wa michembe kwa basi, na ujumbe uleule kwa mdomo wa kondakta: "Mama Mbuke anakusalimia, anasema ule." Nilikuwa nakula. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini walimsema anayeficha yake. Aliyeficha ya mwenzake hawakumtungia neno.

Nimelifungua boksi leo, dukani, mchana, baada ya kumtuma kila mtu mahali. Gari liko vilevile. Nilichukua biro nikaipitisha chini ya chesisi, ikapita ikigusa. Uzi mweusi bado umefungwa. Kisha nikaigeuza rimoti: vile viskurubu vya mgongoni vilikuwa vimekwaruzwa pande zote, mikwaruzo mingi, midogo, iliyopitana, bisibisi imeteleza labda mara hamsini kabla ya kuingia. Nikafungua. Mahali pa kapasita palikuwa patupu. Palikuwa pamechimbwa kwa ncha ya kisu, saketi imechubuliwa kushoto na kulia na mkono usiotii. Ilimchukua siku nzima, nadhani. Labda mbili. Chini kabisa ya boksi nikakuta kile kitambaa chake cha kukamulia, kimekunjwa mara nne, na ndani yake kapasita yangu.

Nikampigia simu Mbuke. Nilimuuliza mama yake alifungua rimoti lini. "Ah, zamani," akasema. "Alisema aliifungua wiki ileile mliyorudi kutoka godauni, kabla hajahama huko. Alikuwa ananisimulia nikiwa mkubwa. Anasema, 'Mama yako mdogo aliweka kadude humu ili nisiumie moyo.' Ndivyo alivyokuwa anasema siku zote." Kwa hiyo alilala kwenye chumba kile na mimi, khanga katikati, mwezi mzima, akijua. Alikaa kwenye benchi la hospitali nikimshikia kadi, akijua. Sijui kama yale maneno ya kutoumia moyo aliyaamini, au aliyatunga ili mwanawe asinichukie.

"Mbuke," nikasema, "haikuwa hivyo. Niliiweka ili tushinde. Nilikuwa nimeshajua mikono yake inaumwa. Nilijua wiki saba kabla, nikanyamaza."

Nilisikia kuku wa Kagongwa, na mtu anatwanga mbali. Kisha akauliza, kwa sauti ileile ya mama yake alipokuwa hataki kunigeukia, "Na mlishinda?"

"Tulishinda."

"Haya, mama mdogo," akasema. "Pumzika." Akakata.

Nikaweka betri kwenye gari na kwenye rimoti, nikaiwasha, nikaliweka juu ya meza ya kazi, nikashika usukani wa rimoti kwa vidole viwili, bila kapasita, mkono mtupu. Niliyaangalia magurudumu ya mbele. Nilingoja. Hayakutikisika hata kidogo.